Karatasi ya Watu Wawili

Kuna binti mmoja, Rehema, aliyekuja London kutoka Zanzibar kujifunza kwetu kazi ya kutunza karatasi kuukuu. Alikaa miezi michache akarudi kwenye nyaraka zake, na tangu hapo hanipi raha. Kila Ijumaa ujumbe: Bi Zuhura, umeshaandika? Anataka niwaandikie yeye na wenzake niliyoyapata kazini, tena kwa Kiswahili, maana anasema vitabu vya ufundi wetu kwa Kiswahili havipatikani. Nimestaafu majuzi, nyumba ni kimya, na visingizio vimeniishia. Vyeo na mishahara sitavieleza. Cheo sikupata, na mshahara mnaweza kuukisia.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha chapa cha jumba moja la makumbusho katikati ya mji. Ni chumba cha makabati yenye droo pana, na ndani ya droo mna picha za wino juu ya karatasi. Nyingi ni za zama wanazoziita Baroki, karne ya kumi na saba hivi, Wazungu walipopenda kila kitu kiwe na mawingu, misuli na nguo zinazopeperuka. Fundi wa siku zile alichukua bamba la shaba akalipaka nta, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akaliogesha kwa asidi. Palipochorwa asidi ikala shaba, palipo na nta ikapita. Bamba likapakwa wino, likapanguswa, likakandamizwa juu ya karatasi yenye unyevu, na picha ikatoka. Zetu nyingi zilikuwa za miungu ya Warumi wa kale, na miungu hiyo, Mungu anisamehe, ilikuwa haina haya. Jirani yangu wa Ilford, Bi Maryam, aliwahi kuniuliza kama ni kweli nashinda kutwa nashika masanamu ya uchi. Nikamwambia nashika karatasi tu, kilichochorwa juu yake si shauri langu.

Niliingia pale kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nashona mapazia Ilford, na mteja wangu mmoja akanambia jumba linatafuta mtu mwenye mkono uliotulia, wa kukata kadi za kuwekea picha. Mkono uliotulia nilikuwa nao. Bahati mbaya, mwisho wa wiki kabla ya siku ya kwanza kulikuwa na harusi ya mpwa wangu, nami nilipakwa piko mikono yote mpaka vifundoni, maua meusi ya kila namna. Mkuu wa chumba alipoiona mikono ile aliuliza kwa adabu sana kama ile rangi hutoka. Yaani alikuwa anaziwazia picha zake.

Mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa anakata kadi pembeni, aliacha kisu chake akaja na kipande cheupe cha karatasi ya kunyonya maji. Alikilowesha akanipa, akaniambia nikibane kati ya viganja vyangu kwa nguvu. Nilibana. Alikichukua akakigeuza huku na huku mbele ya mkuu, hakina hata doa. Akasema haitoki, akarudi kwenye kisu chake. Huyo ndiye Dennis, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua.

Nalisema hili la mikono mapema kwa sababu watu wengi hudhani karatasi za zamani hushikwa kwa glavu. Ninyi msizivae. Glavu ya kitambaa inakuondolea hisia kwenye ncha za vidole, na ukingo wa karatasi uliochoka utauchana bila kujua. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, vua pete, na usijipake mafuta asubuhi ile. Dennis alikuwa ananusa hewa kila nikipita kuhakikisha sijajipaka. Hakusema kitu, ila pua yake ilikuwa inasema.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kisu kikali, unachobadili ubapa wake kabla hujaona kuwa umechoka, maana ukishaona umeshaharibu. Rula nzito ya chuma. Kipande cha mfupa kilicholainishwa, cha kukunjia na kubania. Brashi laini. Karatasi nyembamba ya Kijapani ya kuungia palipochanika, ambayo huchanwa kwa mkono ili nyuzi zake zishike. Ukiikata kwa kisu ukingo wake utaonekana daima. Na gundi ya wanga wa ngano, inayopikwa taratibu kwa kukoroga bila kuacha, kisha ikachujwa. Siku ya kwanza kuipika Dennis alisimama nyuma yangu akisubiri nikosee. Mtu aliyelea mtoto kwa uji hafundishwi kukoroga. Alionja kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, nikajua nimefaulu.

Lakini kazi iliyotufunga mimi naye ilikuwa ya karatasi kubwa. Kulikuwa na chapa za mabamba kadhaa yaliyounganishwa, pana kuliko meza ya kulia chakula, na sheria ya chumba ni kwamba karatasi ya namna ile hainyanyuliwi na mtu mmoja. Mnasimama kwenye pande zinazokabiliana. Kila mmoja anashika pembe mbili za upande wake kwa vidole, si kwa kiganja. Anayeongoza anasema tayari, mwenzake anajibu tayari, ndipo mnanyanyua pamoja, karatasi ikilegea kidogo katikati kama shuka mnalolikunja. Mnatembea kwa hatua moja. Hamtazami mnakokwenda, mnatazamana, kwa sababu mwenzako akipepesa au akivuta pumzi vibaya wewe lazima ujue kabla karatasi haijajua. Halafu mnashusha, ukingo mmoja kwanza. Nimekunja mashuka na mume wangu miaka mingi na hatukuwahi kupatana vile.

Yeye alitaka nimwite Dennis tu, kama wote pale. Sikuweza. Mtu umri wa kaka yangu mkubwa, nimwite kama namwita mtoto dukani? Nikawa namwita Mzee Dennis. Alipouliza maana nikamweleza, akasema hajazeeka kiasi hicho, lakini nilimsikia akijitaja hivyo kwa mabawabu. Yeye naye aliniita Missis Zuhura, jina ambalo si la Kizungu wala la kwetu, na ndilo nililolizoea.

Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na fleti Kilburn, juu ya duka la magodoro kwenye barabara kuu, na dada mmoja huko kaskazini mwa nchi. Zaidi ya hapo hakusema. Alipokuwa anasema ni saa ya chai, kwenye chumba kidogo cha nyuma, na habari zake zilikuwa za miungu. Alikuwa anaisimulia kama majirani. Jupita, mfalme wao, na tabia yake ya kutoka nje ya ndoa kwa sura ya ng'ombe dume au ya wingu. Juno, mkewe, na mateso yake. Vulkani, fundi wa chuma aliyechechemea, aliyetega wavu juu ya kitanda akamnasa mkewe Venasi na hawara wake Marsi, kisha akawaita miungu wote waje wacheke. Nami nilimjibu kwa ya kwetu. Nilimwambia Juno kwetu angekuwa amekwishaomba talaka kwa kadhi na kurudishwa kwao na vyombo vyake. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Masoud wangu alikuwa mtu mwema lakini si wa maneno, na binti yetu Samira alikuwa keshahamia Manchester. Mara nyingine chai ile ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu yote ya siku.

Masoud alifariki ghafla, majira ya baridi, kwa moyo. Tulimzika kesho yake. Kazini walinitumia kadi iliyotiwa saini na wote na wakanipa siku za mapumziko, chache. Sikuweza kukaa ndani muda wote wa eda, kodi ya nyumba haingojei mjane. Nikamwendea Bi Maryam, aliyekuwa mkubwa wetu katika mambo haya, kumuuliza nifanyeje.

"Kazi utakwenda, hiyo dharura, Mungu anaijua," akasema. "Lakini maneno na wanaume yasizidi haja. Na hiyo chai ya kukaa mkacheka, mwanangu, hiyo si dharura."

Nikarudi kazini na nguo zangu nyeupe za eda, bila pambo wala manukato. Dennis alinipa pole, nikaitikia kwa kichwa. Tangu siku ile niliyosema naye yalikuwa yale ya karatasi: tayari, nyanyua, shusha. Chai nilikunywa na wanawake wa dawati la mapokezi. Sikumweleza kwa nini, kwa sababu haikunipitikia kwamba lipo la kueleza. Kwetu mjane hamwambii mtu kuwa yuko kwenye eda. Wanakuona, wanajua, wanapisha njia. Na mtu anayejua mila zote za miungu waliokwisha kufa, nilidhani anaijua ya mwanamke hai aliye mbele yake. Siku za mwanzo aliniandalia kikombe changu kule nyuma kama zamani. Nilikiacha kikapoa, nikajifariji kwamba ataelewa.

Wakati huo tulikuwa tunatayarisha maonyesho, na siku moja tukaitoa chapa moja kubwa ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Miungu wawili wameketi kwenye kibanda cha masikini, na bibi na babu wanahangaika kuwakirimu. Tulipoishusha mezani Dennis alianza kunisimulia, kwa sauti ndogo, bila mimi kumuuliza. Kwamba Jupita na Merkuri walijigeuza wasafiri wakapita nyumba kwa nyumba wakifukuzwa, mpaka walipofika kwa Filemoni na Baukisi, wazee wasio na kitu, wakapokewa. Kwamba walipojijulisha kuwa ni miungu waliwaambia wazee waombe watakalo. Nao waliomba jambo moja tu, wafe saa moja, asibaki mmoja kumzika mwenziwe.

Machozi yalinitoka pale pale. Machozi na chapa haviketi chumba kimoja, hiyo ni sheria ya kwanza, basi niligeuka nikatoka mbio bila neno. Watu wengi walikuwa wameniambia pole, na zote zilipita juu ya kichwa. Ile hadithi iliingia. Nilirudi nimekwishanawa uso, tukamaliza kazi, na sikumshukuru, kwa sababu shukrani ilikuwa itafungua mazungumzo. Nikaiweka akiba. Nilijiambia eda ikiisha nitamwambia vizuri, kwa chai.

Baada ya siku chache Dennis hakuonekana. Niliambiwa amepelekwa kwenye ghala la nje ya mji kuhesabu masanduku, nikadhani ni kwa muda, na kuuliza habari za mwanamume hakukuwa haja. Wakanipa bawabu wa kunisaidia kunyanyua, kijana mwema ambaye macho yake hayakukaa mahali pamoja. Niliyangoja yaishe yale ya kwangu.

Nilipotoka eda wanawake wa Ilford walikuja, nikaogeshwa, nikavikwa nguo mpya, nyumba ikafukizwa udi na chakula kikapikwa. Jumatatu nikaenda kazini na bakuli la pilau na vitumbua, vya chai yetu. Nikamwuliza mkuu wa chumba Mzee Dennis anarudi lini kutoka ghalani. Alinitazama kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

Akanieleza kuwa Dennis hakupelekwa. Aliomba mwenyewe. Alisema itakuwa rahisi zaidi kwa Missis Zuhura. Na sasa hata ghalani hayupo, ameomba kustaafu kabla ya wakati, na yuko nyumbani anamalizia likizo yake. Mkuu alidhani mimi najua yote hayo, hata alidhani nimefurahi.

Nilikaa kwenye kile chumba cha nyuma na bakuli langu. Nilikuwa na hasira, si kwake wala si kwangu, hasira ya mtu aliyeona mlango unafungwa na upepo. Jioni nilimpigia Samira. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hapa ni London, mtu haendewi nyumbani bila kuarifiwa, nimwandikie tu. Lakini mtu aliyekaa miezi akidhani unamchukia humwandikii. Unamwendea, akuone uso. Na kwa vile mjane haendi peke yake kwenye fleti ya mwanamume, nilimwendea Bi Maryam. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta baibui lake. Alisema maneno ya kuiacha chai yalikuwa yake, basi na miguu itakuwa yake.

Tulipanda treni, tukabadili njiani tukaingia ya Jubilee, mimi na pilau jipya mapajani, yeye na tasbihi. Kilburn tulilitafuta duka la magodoro barabara nzima. Pembeni yake palikuwa na mlango mwembamba wenye kengele kadhaa zisizo majina. Bi Maryam alizibonyeza zote. Dennis alishuka mwenyewe, amevaa sweta la nyumbani, akatukuta barazani. Hakutukaribisha juu, nami sikumlaumu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kupanda.

Nilimsalimia, nikampa bakuli, akalipokea kwa mikono miwili kama tunavyoshika karatasi. Kisha akauliza alichokuwa amekibeba muda wote.

"Ni ile hadithi ya wale wazee, siyo? Sikupaswa kukusimulia. Na mumeo ndiyo kwanza amekufa."

Nikamwambia ile hadithi ndiyo pole pekee iliyonifika. Nikamweleza eda ni nini. Sikusema na mwanamume yeyote zaidi ya haja, si yeye tu. Alisikiliza ametazama chini, kwenye kitambaa kilichofunika bakuli.

"Ulicheka na wengine," akasema. "Kule kwenye dawati. Nilikuwa nakusikia."

"Wale ni wanawake, Mzee Dennis."

Magari yalikuwa yanapita nyuma yetu, na Bi Maryam, asiyejua Kiingereza zaidi ya cha sokoni, alianza kufuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nimerudia kila neno nililowahi kukuambia," akasema Dennis. "Tangu siku ya kwanza. Nikitafuta ni lipi."

Nilimwambia hakuna. Akasema asante, mara mbili. Nikamwambia arudi kazini, nitasema na mkuu. Akajibu amekwisha kutia saini. Na kweli, nilipouliza, nafasi yake ilikuwa imefungwa, na fedha za nafasi hiyo zimekwenda kununua kamera ya kupigia picha chapa.

Alikuja Ilford mara moja, kwa mwaliko wa Bi Maryam, akaketi ukingoni mwa kochi kati ya wanawake watupu na kuwasimulia ya Vulkani na wavu wake, mimi nikitafsiri. Walicheka kama nilivyojua watacheka. Baadaye alihamia kaskazini kwa dada yake. Kila Idi aliniletea kadi, na kila mwaka ilikosea kwa siku kadhaa, maana hakuwahi kuelewa kuwa tunangoja mwezi.

Mimi nilibaki miaka mingi na chapa ndogo, zile za mtu mmoja. Zile kubwa zilipigwa picha kwa kamera, na wasomaji wakaanza kuzitazama kwenye skrini. Droo zake hazifunguliwi tena mara kwa mara, kwa kuwa sheria ya watu wawili ipo na mtu wa pili hayupo. Rehema alipokuja tulizifungua siku kadhaa mfululizo, na nakiri nilimfundisha kunyanyua zaidi ya ilivyohitajika. Ana mkono mzuri. Anapepesa mno, lakini hilo litatulia.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, barua pepe ya wafanyakazi wote ilileta habari kwamba Dennis amefariki. Ilikuwa kati ya tangazo la lifti mbovu na la mafunzo ya kuzima moto. Alikuwa amekwishazikwa huko kaskazini, majuma yaliyopita. Kwetu ningekwenda, ningekaa kwenye jamvi na wenzangu, watu wakaniambia pole nami nikajibu nishapoa. Pale sikumjua wa kumpa pole, na hakuwapo wa kunipa. Bi Maryam naye alikuwa ametangulia. Waliokuwa chumbani siku ile walikuwa wageni wote, vijana wazuri wenye masikio yaliyozibwa kwa muziki.

Dini yetu inamruhusu mwanamke amwomboleze asiye mumewe siku tatu, zisizidi. Nilizichukua zote. Nilikwenda kazini, nikakata kadi, nikapika gundi, nikajibu nilichoulizwa, na kwa siku tatu sikumwambia mtu neno lililozidi haja. Chai nilikunywa nimesimama, peke yangu. Siku ya nne nikawaamkia wote kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amedhani amenikosea.